Programu ya picha inakula RAM mpaka inalia "Out of memory" na RAM bado ipo. Dispose (amri ya kuachilia rasilimali) inakaa wapi hasa?

#1 Mpenda_Fomu
Wakuu salaam. Nina programu ya mezani, C# na WinForms, .NET Framework 4.8. Kazi yake ndogo tu: inafungua folda yenye kurasa zilizoskaniwa, mtumiaji anabonyeza "Ifuatayo", ukurasa unatokea kwenye PictureBox, anaandika namba ya ukurasa, anasonga mbele. Kitufe chenyewe kina mstari mmoja:

`pictureBox1.Image = Image.FromFile(orodha[++i]);`

Kinachonisumbua: ukiangalia Task Manager, kila bonyezo memori inapanda. Kuna wakati inaporomoka yenyewe ghafla, halafu inaanza kupanda upya. Pia mtumiaji akitaka kubadilisha jina la faili ambalo ameshalipita, Windows inagoma, inadai faili linatumika. Na akishabonyeza sana inakuja "Out of memory", wakati mashine ina GB 16 na zaidi ya nusu haijaguswa.

Nimejaribu kuweka `pictureBox1.Image = null` kabla ya kupakia picha mpya, hali ni ile ile. Si C# ina GC, msafishaji wa memori? Mbona usafi narudishiwa mimi?

#2 Lupu_Isiyoisha
Null haifuti kitu mkuu, inakata rejeleo tu. Picha ya zamani inabaki inaelea mpaka GC apite, na GC hapangiwi na wewe muda wa kupita. Fanya hivi:

```
var zamani = pictureBox1.Image;
pictureBox1.Image = Image.FromFile(orodha[++i]);
zamani?.Dispose();
```

PictureBox haitupi picha ya zamani ukiipa mpya, kwa sababu haijui kama unaitumia na kwingine. Hilo la faili kugoma ni jambo hilo hilo: Image.FromFile inalishikilia faili mpaka picha ifanyiwe Dispose.

#3 Zima_Washa
Au malizia na `GC.Collect()` chini ya mstari wako. Mimi naiweka kila mahali, RAM inashuka unaiona kwa macho.

#4 Mzee_wa_Rundo
#3 usiwazoeze watu hivyo.

Bitmap ya .NET ina sehemu mbili. Kuna objekti ndogo upande wa .NET, baiti chache tu, na kuna pikseli zenyewe, ambazo zinakaa kwenye memori ya GDI+ (maktaba ya Windows ya kuchora) nje kabisa ya hipu, yaani eneo la memori analolisimamia GC. Ni sawa na mtu anayekagua risiti za ghala: kwake karatasi kumi ni karatasi kumi, hajui kila karatasi ina shehena kiasi gani nyuma yake. Ndiyo maana hana haraka.

Sasa piga hesabu ya shehena. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa dpi 300 una pikseli 2480 kwa 3508. Kwa rangi ya biti 24 hiyo ni MB 26 kwa ukurasa mmoja, hata kama JPEG yake kwenye diski haifiki MB 2. Skani kwa dpi 600 uzidishe kwa nne. Ukubwa wa faili kwenye diski haukwambii lolote kuhusu memori.

Na GC.Collect ikiitwa mara moja haimalizi kazi. Picha ambayo hukuifanyia Dispose ina finalaiza, yaani msimbo wa usafi wa mwisho. GC akiikuta imekufa haifuti papo hapo, anaipanga kwenye foleni, na kuna uzi (thread) maalumu wa kuendesha finalaiza moja baada ya nyingine. Pikseli zinaachiliwa hapo, si kabla. Kwa hiyo Collect bila `GC.WaitForPendingFinalizers()` ni kubahatisha. Juu ya hapo, kila ukiita Collect unapekua vizazi vyote vitatu (GC hupanga objekti kwa umri), na objekti zako changa ambazo bado zinatumika zinasukumwa kwenda kizazi cha juu, ambako zitachelewa kufa. Dispose inaachilia pikseli palepale na inamwambia GC asihangaike na finalaiza tena.

#5 Zima_Washa
Maelezo mazuri mzee. Ila yangu inafanya kazi.

#6 Mzee_wa_Rundo
Inafanya kazi kwa sababu RAM yako ni kubwa.

#7 Dada_Xaml
Dispose inajibu swali la kwanza na la pili. La tatu bado hamjaligusa. Mashine ya GB 16 haiwezi kuishiwa na GB 8 ziko wazi, ila mchakato unaweza kuishiwa.

Mpenda_Fomu, fungua sifa za mradi, kwenye Build angalia kama kuna tiki kwenye "Prefer 32-bit". Tangu Visual Studio 2012 miradi mipya ya .NET Framework huja na tiki hiyo. Programu ya biti 32 inapewa GB 2 za anwani kwa kawaida, au GB 4 kwenye Windows ya biti 64 ikiwa imewekewa alama ya kuruhusiwa, hata ukiwa na RAM ya kujaza chumba. Na hizo GB 2 hazihitaji kujaa. Bitmap inataka nafasi moja iliyoungana. Ukiwa na MB 400 zilizotawanyika vipande vipande na hakuna kipande hata kimoja kinachofika MB 26, umeishiwa.

#8 Mpenda_Fomu
Asanteni sana. Dispose nimeiweka, memori sasa inapanda na kushuka ndani ya kiwango kile kile. Tiki ilikuwepo, nimeitoa. Majina ya mafaili nabadilisha bila shida.

Lakini "Out of memory" haijaondoka yote. Kuna mafaili inakuja kila mara, na ni yale yale. Hata nikiwasha programu upya na kulifungua hilo moja la kwanza kabisa.

#9 Kijiti
"Yale yale kila mara" basi memori haihusiki kabisa, na nyote mliotangulia mmepiga kando.

Image.FromFile ikikuta faili ambalo si picha inayoifahamu, inatupa OutOfMemoryException. Si utani, imeandikwa kwenye nyaraka za Microsoft: umbo la faili si sahihi, au GDI+ haimudu aina ya pikseli zilizomo. GDI+ ina orodha fupi ya hali za makosa na hii imeangukia hapo. Hata LinearGradientBrush (brashi ya rangi inayofifia) ukiipa nukta mbili zilizo mahali pamoja inalia kuishiwa memori.

Fungua moja ya mafaili hayo kwa kihariri cha heksa, tazama baiti za mwanzo. JPEG huanza FF D8 FF. PNG 89 50 4E 47. TIFF nyingi 49 49 2A 00. Ukikuta 52 49 46 46 na mbele kidogo herufi WEBP, hiyo ni WebP iliyobatizwa jina la .jpg, na GDI+ kwa kawaida haisomi WebP.

#10 Lupu_Isiyoisha
#9 "mmepiga kando" ni kali. Memori yake ilikuwa inapanda kweli, na imetulia kwa Dispose. Yalikuwa matatizo mawili yenye ujumbe mmoja.

#11 Kijiti
Matatu ukihesabu na la Dada_Xaml. Sawa, nimepunguza ukali.

#12 Babu_Delphi
Vijana mnahangaika. Sisi TBitmap.Create, `try`, kazi, `finally`, Free. Ukisahau Free programu inavuja, na kosa unalijua ni la nani. Mlipoletewa GC mkaambiwa msafi ameshaajiriwa, sasa mnashindana nani alipaswa kusafisha.

#13 Lupu_Isiyoisha
Shikamoo babu. `using` ya C# ni try na finally yako ile ile, imefupishwa.

#14 Babu_Delphi
Marahaba. Basi itumieni.

#15 NyokaMpole
Mimi nacheka tu. Kwetu Python na Tkinter (maktaba yake ya madirisha) kilio ni kinyume: picha inafutwa mapema kabla hujaiona. Unaandika funkisheni, ndani yake unatengeneza PhotoImage, unaipa Label, funkisheni inaisha, dirisha linatokea jeupe. Label inashika jina la picha upande wa Tcl, lugha iliyo chini ya Tkinter, haishiki objekti ya Python. Variabo ya ndani ikitoka, hesabu ya marejeleo inafika sifuri, PhotoImage inakufa na kuondoka na picha yake huko Tcl. Dawa ni `label.image = picha`, ili kuwe na mtu wa kuishikilia.

Kila baada ya muda anakuja mgeni na swali hilo akiamini kompyuta yake imeharibika.

#16 Buni
Kwenye Java inategemea umeshika ipi. Swing: BufferedImage pikseli zake ni safu ya kawaida ndani ya hipu, kwa hiyo GC anauona uzito wote na anaumudu. Ukiishiwa, ni -Xmx yako (kikomo cha hipu), ambayo usipoiweka huwa robo ya RAM ya mashine. Unachopaswa kufunga mwenyewe ni Graphics uliyoitengeneza. Halafu uangalie `Toolkit.getImage`, ina kache yake: faili likibadilika kwenye diski unaweza ukaendelea kuletewa picha ya zamani mpaka uite `flush()`.

SWT, maktaba nyingine ya madirisha ya Java, ni hadithi nyingine. Kule picha ni rasilimali ya mfumo wa uendeshaji na kanuni yao ni moja: aliyeitengeneza ndiye anayeifunga. Dirisha likifungwa linafunga vitufe vyake vyote, lakini picha iliyo juu ya kitufe haiguswi, kwa sababu kitufe hakikuitengeneza.

#17 Mzee_wa_Rundo
Hiyo kanuni ya SWT ndiyo ningependa WinForms ingeiandika ukutani.

#18 Ufunguo_Wazi
Kwa wanaotaka faili liachiliwe mara moja bila kusubiri Dispose, nakili picha:

```
using (var muda = Image.FromFile(njia))
    pictureBox1.Image = new Bitmap(muda);
```

Faili linafunguka papo hapo, nakala inabaki kwenye memori. Natumia kila siku.

#19 Skana_Bora
#18 kwa picha za rangi sina ugomvi. Kwa kurasa za skana, angalia kwanza.

Nyaraka nyingi za maandishi huskaniwa nyeusi na nyeupe tupu, biti moja kwa pikseli. A4 ya dpi 300 kwa mtindo huo ni kama MB 1.1 kwenye memori. Ukiandika `new Bitmap(muda)` .NET inatengeneza bitmap mpya ya biti 32 kwa pikseli na kuichora ya zamani juu yake. Sasa una MB 34.8. Umezidisha mara 32 ukidhani umenakili.

Na hiyo nakala si nakala kamili. Dpi inakuwa ya skrini, si 300 tena, kwa hiyo ukichapa ukurasa unatoka na vipimo vya ajabu. Taarifa za EXIF zinapotea, pamoja na ile inayosema picha ya simu igeuzwe upande gani. Ukurasa wa pili na wa tatu wa TIFF yenye kurasa nyingi haumo. Mtumiaji akibonyeza "Hifadhi" juu ya faili la asili, ndiyo umeharibu nyaraka ya watu.

Nimeona kumbukumbu za ofisi fulani zilizopitishwa kwenye programu ya namna hii. Folda ilivimba, na kila ukurasa ulikuwa unadai ni dpi 96.

#20 Ufunguo_Wazi
Basi `muda.Clone()`?

#21 Skana_Bora
Clone ya Image inatunza umbo la pikseli, lakini faili linabaki limefungwa. Jaribu uone. Ukitaka vyote viwili, soma baiti zote kwa File.ReadAllBytes, zitie kwenye MemoryStream, kisha Image.FromStream. Faili liko huru tangu mstari wa kwanza.

#22 Ufunguo_Wazi
Na MemoryStream naifungia kwa using?

#23 Skana_Bora
Hapana! Strimu lazima ibaki wazi muda wote picha iko hai. GDI+ inaweza kuirudia kusoma tena.

#24 Zima_Washa
Mimi naifunga na picha inaonekana vizuri tu.

#25 Kijiti
Inaonekana mpaka siku utakapoita Save, uletewe "A generic error occurred in GDI+" na hakuna neno lingine la kukusaidia. Au uite SelectActiveFrame kwenda ukurasa wa pili wa TIFF. Zima_Washa kaka, kila ushauri wako una tarehe ya kuisha.

#26 Zima_Washa
😂 Kama maziwa.

#27 Mzee_wa_Rundo
Nyongeza kwa #21. Safu ya baiti inayofika 85,000 inaenda kwenye hipu ya objekti kubwa. Ile husafishwa pamoja na kizazi cha pili tu, na kwa kawaida haibanwi, mashimo yanabaki. Kwa biti 32 mashimo hayo yanakurudisha kwenye lile la Dada_Xaml #7. Tangu .NET 4.5.1 unaweza kuagiza ibanwe mara moja kupitia GCSettings, ila ukifika huko ujue kuna kitu juu hakijakaa sawa. Bora kutumia safu moja ile ile kwa kila faili, mradi picha ya zamani imeshafungwa kabla hujaandika juu yake.

#28 Hendeli_10000
Nashangaa hakuna aliyetaja hendeli za GDI, yaani namba ambazo Windows inatoa kwa kila kitu cha kuchorea. Windows inaupa kila mchakato 10,000 tu, ndiyo chaguo-msingi. Zikifika hapo madirisha yanaanza kuchorwa nusu nusu, vitufe vinakuwa vyeusi, kisha programu inakufa huku RAM imelala. Fungua Task Manager, kwenye Details ongeza safu ya "GDI objects", bonyeza "Ifuatayo" utazame. Naweka dau tatizo la mwanzisha uzi liko huko.

#29 Kijiti
Dau utaliwa. Bitmap ya System.Drawing ni objekti ya GDI+, si ya GDI. Fungua mia, safu ile haitapanda kwa mia. Inapanda ukiita `GetHbitmap()`, maana hapo ndipo HBITMAP halisi inazaliwa, na hiyo Dispose ya Bitmap haiigusi. Lazima uite DeleteObject ya gdi32 mwenyewe. `GetHicon()` vivyo hivyo, DestroyIcon.

#30 Hendeli_10000
Kesi yangu ilikuwa ya GetHicon kweli. Ikoni ya pembeni ya saa, ilikuwa inachorwa upya na taima kuonyesha asilimia. Programu ilikuwa inaachwa inaendeshwa usiku kucha, asubuhi unakuta menyu hazifunguki. Kwa hiyo dau nalirudisha mfukoni, lakini ushauri wa kutazama safu ile unabaki. Ni wa bure, na namba ikipanda bila kushuka unajua uelekee wapi.

#31 Kijiti
Hapo tuko pamoja.

#32 Sindano
Kuna mvujo mwingine wa kimya: `Properties.Resources.Nembo`. Inaonekana kama variabo, watu wanaichukulia hivyo. Kumbe kila ukiigusa inakuzalia Bitmap mpya. Iweke ndani ya Paint au ndani ya taima, utavuna picha za nembo maelfu. Ichukue mara moja mwanzoni, iweke kwenye uga wa klasi, tumia hiyo hiyo.

#33 Mwanafunzi_Mbishi
Na fomu? Nikifunga fomu picha zake zinaondoka nayo?

#34 Sindano
Fomu uliyoifungua kwa Show() ikifungwa inafanyiwa Dispose. Uliyoifungua kwa ShowDialog() inafichwa tu, ili uweze kusoma majibu yake, kuifunga ni juu yako. Na hata ikifanyiwa Dispose, PictureBox haichukui picha uliyoipa mwenyewe kwa `.Image`. Rudi #2.

Kibaya zaidi ni fomu iliyojiandikisha kwenye tukio la static na haikujitoa. Tukio linaishikilia fomu, fomu inashikilia picha, GC anaona wote wako hai. Hapo hata ile GC.Collect ya jirani yetu haioni ndani.

#35 Zima_Washa
Jirani nimesikia.

#36 Mwanafunzi_Mbishi
Mbona basi mimi nikifanya Dispose napata kisanduku cheupe chenye msalaba mwekundu?

#37 Lupu_Isiyoisha
Umefunga picha ambayo PictureBox bado inaichora. Windows ikiomba kuchorwa upya, inaenda kwenye picha iliyokufa, inapata "Parameter is not valid", na WinForms ikipata kosa ndani ya Paint inakuchorea huo msalaba. Angalia mpangilio wa #2: mpya inaingia kwanza, zamani inafungwa baadaye.

#38 Mwanafunzi_Mbishi
Mpangilio ndio huo huo. Picha moja iko kwenye PictureBox mbili, kubwa na kijipicha.

#39 Dada_Xaml
Basi ina wenyewe wawili na mmoja kaifunga bila kumwambia mwenzake.

#40 Mzee_wa_Rundo
Hapa mimi huwa na msimamo: vidhibiti vya skrini visimiliki picha hata siku moja. Weka klasi moja ndogo, tuseme HifadhiYaPicha, ndiyo pekee inayofungua na pekee inayofunga. PictureBox zinaazima tu. Hutauliza tena Dispose inakaa wapi, iko mahali pamoja.

#41 Sindano
Siafiki mzee. Kwa programu ya mstari mmoja kama ya mwanzisha uzi, hiyo klasi itakuwa ndefu kuliko programu. Na nimeona hizo "hifadhi" zikigeuka kache isiyo na kikomo: kila picha iliyowahi kufunguliwa imo, kwa sababu hakuna anayejua lini ni salama kuifunga. Kijipicha kipewe nakala yake ndogo, kubwa ipewe yake, kila mmoja afe na yake.

#42 Mzee_wa_Rundo
Kache isiyo na kikomo si kosa la umiliki, ni kosa la kutoweka kikomo.

#43 Kiwavi_Qt
Qt (maktaba ya madirisha ya C++) hawana ugomvi huu. QImage na QPixmap unazipitisha kama namba, ndani yake zinashirikiana pikseli na kuhesabu wangapi wanazitumia. Wa mwisho akiondoka, pikseli zinaondoka dakika hiyo hiyo. Picha moja kwenye lebo mbili haina neno. QPixmapCache nayo ina kikomo tangu kiwandani, MB 10. Na Qt 6 ikikutana na picha inayodai memori kupita kiasi ilichowekewa, QImageReader inakataa kuifungua.

#44 Babu_Delphi
Na ukitengeneza QPixmap kabla ya QApplication?

#45 Kiwavi_Qt
Babu hilo halimo kwenye mada 😅

#46 Dada_Xaml
WPF, mfumo mwingine wa madirisha wa .NET, nayo ina yake. BitmapImage haina Dispose kabisa, utaitafuta mpaka uchoke. Ukitaka faili liachiliwe, weka CacheOption iwe OnLoad kati ya BeginInit na EndInit. Ukitaka kuipakia kwenye uzi wa nyuma kisha uionyeshe mbele, ifanyie Freeze.

Ninachokipenda zaidi ni DecodePixelWidth. Ukurasa ule wa pikseli 2480, kama eneo la kuonyeshea lina upana wa 800, mwambie 800. Unapata 800 kwa 1132 hivi, MB 3.6 kwa pikseli za baiti nne, badala ya 34.8. Mnabishana nani afunge picha kubwa, mimi sikuifungua kubwa tangu mwanzo.

#47 Skana_Bora
Mpaka mtumiaji akuze asome maandishi madogo.

#48 Dada_Xaml
Akikuza unapakia upya kwa ukubwa anaoutaka.

#49 Skana_Bora
Na anasubiri.

#50 Tambazi
Nauliza pembeni: hizi System.Drawing mnazozisifia, kwenye Linux zikoje? Nina wazo la kuhamisha.

#51 Kijiti
Tangu .NET 6, yaani 2021, System.Drawing.Common ni ya Windows tu. Kwenye 6 kulikuwa na swichi ya kuilazimisha, .NET 7 wakaiondoa. Watu wamehamia SkiaSharp au ImageSharp. SkiaSharp ina SKBitmap, na yenyewe ni ganda juu ya memori ya nje, Dispose inakufuata huko huko.

#52 Mpenda_Fomu
Narudi na majibu. Mafaili yaliyogoma nimeyafungua kwa heksa. Mengi ni 52 49 46 46 kama alivyosema Kijiti, mtu aliyapakua mtandaoni akayaita .jpg. Lakini yamebaki mawili yanayoanza FF D8 FF vizuri kabisa na bado ni "Out of memory".

#53 Kijiti
Yamekatika katikati. Angalia mwisho kama kuna FF D9.

#54 Dada_Xaml
JPEG iliyokatika mara nyingi GDI+ inaifungua na kukuachia sehemu ya chini kijivu. Mimi ningetazama vipimo vilivyoandikwa kwenye kichwa cha faili. Pengine inadai pikseli elfu nyingi kwa elfu nyingi, na hapo memori inaombwa kweli.

#55 Mpenda_Fomu
FF D9 ipo. Vipimo ni vya kawaida, karibu sawa na mafaili mengine.

#56 Skana_Bora
Yametoka skana ile ile? Picha nyingine za uchapaji ni CMYK, rangi nne za wino. Sisemi ndiyo sababu, nauliza.

#57 Mpenda_Fomu
Sina uhakika yametoka wapi, nitauliza. Kingine: nimeongeza kupakia ukurasa unaofuata mapema kwa Task.Run wakati mtumiaji anasoma huu. Imekuwa haraka sana, ila sasa mara moja moja napata "Object is currently in use elsewhere".

#58 Sindano
Nyuzi mbili zimeshika Bitmap moja. GDI+ hairuhusu hata kusoma Width kwa pamoja. Uzi wa nyuma ukimaliza na picha usiiguse tena, ikabidhi mbele na usahau.

#59 Lupu_Isiyoisha
Au weka `lock` kila unapoigusa.

#60 Sindano
PictureBox ikiwa inachora, lock yako haiijui.

#61 Mpenda_Fomu
Uzi wa nyuma unapima tu kama ukurasa umelala, ili niugeuze. Unasoma Width na Height basi.

#62 Mzee_wa_Rundo
Unapima kabla ya kuikabidhi au baada? Weka msimbo wa Task.Run hapa tuuone.